Sharti la kubeba (utangazaji)

Sharti la kubeba ni kanuni inayomtaka mwenye mtandao wa kusambaza matangazo, kama vile kampuni ya kebo au ya ving'amuzi, kuingiza katika mtandao wake vituo fulani vya redio au televisheni, apende asipende. Mara nyingi vituo hivyo ni vya shirika la utangazaji la taifa pamoja na vituo vya eneo linalohudumiwa na mtandao huo.

Katika Afrika ya Mashariki kanuni hii imegombaniwa zaidi upande wa televisheni. Nchini Kenya ilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2014, na nchini Tanzania ilisababisha chaneli za ndani kuondolewa katika baadhi ya ving'amuzi mwaka 2018. Redio za mikoani hazikutajwa sana katika magomvi hayo. Makala hii inaeleza kanuni yenyewe, inavyotumika Tanzania na Kenya, kisha inaangalia maana yake kwa msikilizaji wa kijijini, kwa kutumia mfano wa Sepuka, kata ya Wilaya ya Ikungi katika Mkoa wa Singida.

Sababu za kuwepo kwake

Redio ya kawaida haihitaji mtu wa kati. Kituo kina mnara, msikilizaji ana redio ya betri, na kati yao kuna hewa tu. Hakuna anayeweza kusimama katikati na kusema kituo hiki kipite na kile kisipite, isipokuwa serikali inayogawa masafa.

Hali inabadilika pale watu wanapoanza kupokea matangazo kupitia waya au king'amuzi. Hapo mwenye waya anakuwa kama mwenye lango. Nyumba ikishaunganishwa na kebo, antena ya juu ya bati huachwa ikapata kutu, na kituo kisichomo katika kebo ni sawa na kilichofungwa, ingawa mtambo wake bado unarusha matangazo kila siku. Mwenye lango ana sababu zake za kibiashara. Anaweza kupenda chaneli za kampuni yake kuliko za wengine. Anaweza kuona kwamba chaneli ya filamu kutoka nje inaleta wateja wengi kuliko kituo kidogo cha wilayani. Anaweza pia kukidai kituo pesa ndipo akipitishe.

Sharti la kubeba liliwekwa kuzuia hali hiyo. Watetezi wake hutaja mambo mawili. La kwanza ni kwamba raia anahitaji habari za mahali anapoishi. La pili ni kwamba kituo cha bure kinaishi kwa matangazo ya biashara, na mtangazaji wa biashara hulipa kulingana na idadi ya watu wanaofikiwa. Kituo kikitolewa katika kebo, kinapoteza wateja wa matangazo, na hatimaye kinaweza kufungwa hata kwa wale ambao hawana kebo. Hoja hii ya pili husahaulika kwa urahisi, lakini ndiyo inayomhusu mtu wa kijijini ambaye hajawahi kuona waya wa kebo: kinachotokea mjini huamua kama redio anayoisikiliza itaendelea kuwepo.

Wapinzani husema kuwa mtandao ni mali ya mtu, na kumlazimisha kubeba maneno ya wengine ni kumnyima uhuru wake na nafasi ambayo angeiuza. Kuna pia upinzani kutoka kwa vituo vyenyewe, kama ilivyoonekana Kenya: kituo kinaweza kukataa kubebwa, kwa kuwa kinaona mwenye king'amuzi anauza jasho lake bila kumlipa.

Redio ya waya kabla ya televisheni

Watu wengi hudhani kusambaza matangazo kwa waya kulianza na televisheni. Kulianza na redio. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1925, kulikuwa na watu waliopokea matangazo ya redio kwa mtambo mmoja mzuri, kisha wakayapitisha kwa nyaya hadi kwenye vipaza sauti katika nyumba za majirani waliolipa ada kila wiki. Mteja hakuhitaji kununua redio, ambayo wakati huo ilikuwa ghali. Alihitaji kipaza sauti na swichi tu.

Mfumo huo ulipelekwa katika makoloni ya Afrika ya Magharibi. Mjini Accra, kituo kilichojulikana kama ZOY kilianza tarehe 31 Julai 1935, kikipitisha kwa nyaya matangazo ya idhaa ya BBC iliyolengwa kwa makoloni, hadi katika nyumba zipatazo 300. Freetown na Lagos zilikuwa na mitandao ya aina hiyo katika miaka hiyohiyo. Msikilizaji wa redio ya waya hakuweza kuzungusha kitufe kutafuta kituo kingine. Alisikia kile alichopelekewa na mwenye waya, basi. Suala la nani aamue kipi kipite katika waya lina umri unaokaribia ule wa redio yenyewe.

Tanganyika ilifuata njia nyingine. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1951 kilirusha matangazo hewani, na mrithi wake, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ilijenga mitambo ya masafa ya kati mikoani ili sauti ifike mbali. Kwa miaka mingi RTD ilikuwa redio pekee Tanzania Bara. Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994.

Nchi nyingine: televisheni yalindwa, redio yasahaulika

Marekani ndiyo nchi ambako sharti la kubeba limepimwa zaidi mahakamani. Sheria ya kebo ya mwaka 1992 iliziamuru kampuni za kebo kutenga sehemu ya nafasi zao, hadi theluthi moja kwa mitandao mikubwa, kwa ajili ya vituo vya televisheni vya kibiashara vya eneo husika. Kampuni ya Turner Broadcasting ilishtaki. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisikiliza shauri hilo mara mbili, ikatoa hukumu mwaka 1994 na tena mwaka 1997, na katika hukumu ya mwisho majaji 5 dhidi ya 4 waliihifadhi sheria. Tofauti ya jaji mmoja tu yaonyesha jinsi hoja za pande zote mbili zilivyo nzito.

Sheria hiyo pia ilimpa mwenye kituo uchaguzi kila baada ya miaka mitatu. Anaweza kudai abebwe kwa lazima, na katika hali hiyo halipwi kitu. Au anaweza kuachia haki hiyo na kujadiliana na kampuni ya kebo kuhusu malipo, kwa hatari ya kuachwa nje wasipoelewana. Vituo vikubwa vyenye watazamaji wengi huelekea kuchagua malipo. Vidogo huchagua lazima. Redio hazimo katika sheria hiyo.

Kanada ilikuwa na mtazamo mpana zaidi. Kanuni zake za usambazaji za mwaka 1997 ziligusa pia redio za FM za eneo, zikiwemo za jumuiya na za vyuo. Katika kebo ya zamani jambo hilo lilikuwa rahisi: mawimbi yote ya FM yaliingizwa katika waya uleule wa televisheni, na mteja aliunganisha redio yake kwenye tundu la ukutani.

Umoja wa Ulaya nao unataja redio waziwazi. Mwongozo wake wa mwaka 2002 kuhusu huduma kwa wote uliziruhusu nchi wanachama kuweka sharti la kubeba kwa vituo vilivyotajwa vya redio na televisheni, lakini kwa masharti: mtandao uwe unatumiwa na watu wengi kama njia yao kuu ya kupokea matangazo, na lazima hiyo iwe na lengo la maslahi ya umma lililo wazi. Hata hivyo, teknolojia ilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 2010 kampuni za kebo nchini Ujerumani zilizima FM katika nyaya zao na kuhamia mfumo wa kidijitali. Redio ndogo ya mtaani, ambayo zamani ilipita bila gharama kubwa pamoja na FM nyingine zote, sasa ilihitaji kuingizwa katika orodha ya kidijitali kivyake.

Tanzania

Msimamizi wa utangazaji nchini Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa kuunganisha tume mbili, moja ya mawasiliano na nyingine ya utangazaji. Sheria kuu inayotumika ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake.

Mfumo wa leseni wa Tanzania hutenganisha kazi ya kutengeneza maudhui na kazi ya kumiliki au kuendesha mtandao unaoyapeleka kwa wananchi. Kabla ya hapo kituo cha televisheni kilikuwa na studio yake na mnara wake. Katika mfumo wa kidijitali, kituo hutengeneza vipindi, kisha humkabidhi msambazaji ambaye hukusanya chaneli nyingi na kuzirusha pamoja katika mkondo mmoja. Kampuni tatu zilipewa kazi hiyo kwa mawimbi ya ardhini: Star Media (Tanzania), inayojulikana kwa jina la StarTimes na ambayo ni ubia na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), Agape Associates, yenye king'amuzi cha Ting, na Basic Transmissions, yenye king'amuzi cha Continental. Mitambo ya analojia ilizimwa kwanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu.

Hapo ndipo sharti la kubeba lilipopata umuhimu. Mwananchi aliyekuwa akitazama televisheni kwa antena bila kulipa sasa alilazimika kununua king'amuzi. Ilionekana si haki azimiwe hata chaneli ambazo zamani alizipata bure, eti kwa sababu kifurushi chake kimekwisha. Kwa hiyo wasambazaji wa mawimbi ya ardhini walitakiwa kubeba chaneli za kitaifa za bure, kama TBC1, ITV, EATV, Star TV na Channel Ten, na kuziacha zionekane hata mteja asipolipia kifurushi.

Kampuni za satelaiti zilikuwa upande mwingine wa mstari. Leseni zao zilikuwa za televisheni ya kulipia. Azam, iliyoanza huduma mwaka 2013, DStv na Zuku zilikuwa zikionyesha pia chaneli za ndani za bure, na watu wengi walinunua madishi yao kwa kutegemea hivyo. Mnamo Agosti 2018 TCRA ilizichukulia hatua kampuni hizo kwa maelezo kwamba leseni zao haziziruhusu kubeba chaneli za bure, na kwamba haikubaliki mwananchi atozwe pesa ili aone kitu ambacho sheria inasema ni bure. Chaneli hizo zikaondolewa katika ving'amuzi vyao.

Kisheria hoja ya TCRA ilieleweka: chaneli ya bure isigeuzwe bidhaa. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kinyume cha yale ambayo sharti la kubeba hukusudia. Kwingineko duniani serikali humwambia mwenye lango, "ni lazima upitishe kituo hiki." Hapa aliambiwa, "ni marufuku kukipitisha." Na aliyeumia zaidi hakuwa mtu wa Dar es Salaam, ambaye angeweza kununua king'amuzi cha pili cha antena. Aliumia mtu aliye mbali na mnara wa mawimbi ya ardhini, ambaye dishi ndilo lililokuwa njia yake pekee ya kuona hata taarifa ya habari ya taifa. Malalamiko yalikuwa mengi, yakiwemo ya wabunge. Katika miaka iliyofuata chaneli za ndani zilirudi katika ving'amuzi vya satelaiti.

Kebo za mijini, zile zinazopitisha waya kutoka nguzo hadi nguzo na kuunganisha nyumba za mtaa, nazo huhitaji leseni ya TCRA. Ni biashara ya mahali penye nyumba zilizosongamana, kwa kuwa gharama ya waya ni ileile uunganishe nyumba moja au kumi.

Kenya

Kenya iliingia katika mgogoro kwa mlango tofauti. Wakati wa kuhamia dijitali, leseni za kusambaza mawimbi zilipewa kampuni tanzu ya shirika la utangazaji la taifa KBC pamoja na kampuni ya PANG yenye asili ya China. Kampuni kubwa za habari za nchi hiyo, yaani Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group, zilikosa. Zilikwenda mahakamani, na moja ya malalamiko yao ilikuwa kwamba ving'amuzi vya kulipia vya GOtv na StarTimes vilikuwa vikibeba chaneli zao za Citizen, NTV na KTN bila idhini.

Wenye ving'amuzi walijitetea kwa sharti la kubeba: kanuni za utangazaji za mwaka 2009 ziliwataka wabebe chaneli za bure, basi wangefanyaje? Wenye vituo walijibu kwamba hakimiliki ni mali, na kanuni ya msimamizi haiwezi kumpa mtu mwingine mali yao.

Mahakama Kuu ilitupilia mbali madai hayo mnamo Desemba 2013. Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi wenye vituo tarehe 28 Machi 2014. Kisha Mahakama ya Juu, katika hukumu ya tarehe 29 Septemba 2014, ikageuza tena. Kuhusu sharti la kubeba, iliona kwamba kurushwa upya kwa chaneli hizo chini ya kanuni hakukuwa uvunjaji wa hakimiliki, ikipima haki ya mwenye kituo dhidi ya maslahi ya umma ya kuendelea kupata matangazo wakati wa mabadiliko.

Hukumu haikumaliza ugomvi. Tarehe 14 Februari 2015 mawimbi ya analojia yalipozimwa Nairobi na viungani, chaneli za kampuni hizo tatu zilitoweka kabisa hewani, kwa kuwa wenyewe hawakutaka kupitia ving'amuzi vya washindani wao na mitambo yao ya dijitali ilikuwa bado. Zilirudi mwanzoni mwa Machi. Kwa majuma hayo karibu matatu Wakenya wengi walibaki bila taarifa ya habari waliyoizoea, na wengi wao waligeukia redio, ambayo haikuguswa na zogo lote hilo.

Redio za mikoani: mfano wa Sepuka

Sepuka ni kata ya Wilaya ya Ikungi, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Singida Vijijini. Wenyeji wa eneo hilo ni hasa Wanyaturu. Ni nchi ya wakulima na wafugaji: alizeti, mtama, uwele, ng'ombe, mbuzi na kuku wa kienyeji ambao Singida inasifika kwao. 

Mahali kama hapa kanuni za kebo hazigusi kitu moja kwa moja. Njia za matangazo kufika ni tatu: hewa ya FM na masafa mengine ya redio, antena ya televisheni ya dijitali, na dishi la satelaiti. Kila moja ina tabia yake.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hufika makumi kadhaa ya kilomita kutoka mnarani, ikitegemea urefu wa mnara, nguvu ya mtambo na vilima au miamba iliyopo njiani. Kwa hiyo redio ya FM kwa maumbile yake ni redio ya mahali. Kituo kilichoko Singida mjini, kama Standard Radio, hakiwezi kusikika Mbeya hata kingetaka. Leseni nazo hufuata jiografia hiyo, kwa kuwa TCRA hutoa leseni za maudhui za ngazi ya taifa, ya mkoa na ya wilaya.

Satelaiti ni kinyume chake kabisa. Mwanga wake wa mawimbi hufunika nchi nzima na za jirani kwa pamoja. Dishi lililoko Sepuka hupokea kilekile kinachopokelewa Mtwara na Bukoba. Baadhi ya ving'amuzi vina orodha ya redio baada ya orodha ya televisheni, lakini redio za namna hiyo huelekea kuwa za kitaifa au za makao makuu. Hivyo familia iliyofunga dishi inaweza kusikia vizuri kabisa foleni ya magari ya Dar es Salaam ilivyo asubuhi, na isisikie mnada wa wiki hii umehamishiwa siku gani.

Je, tatizo ni nafasi? Si sana. Redio moja ya ubora mzuri katika mfumo wa kidijitali huchukua sehemu ndogo tu ya mkondo. Nafasi ya chaneli moja ya televisheni inaweza kubeba redio kumi na zaidi. Gharama iko kwingine: kufikisha sauti ya studio ya Singida hadi kituo cha kurushia satelaiti bila kukatika, kulipia nafasi hiyo kila mwezi, na kupata idhini. Kituo cha wilaya kinachoishi kwa matangazo ya maduka ya pembejeo, harusi na mikutano hakina pesa hizo, na tangazo la duka la pembejeo la Ikungi halina maana yoyote kwa msikilizaji wa Lindi.

Kuna pia kikwazo cha kisheria ambacho si rahisi kukiona. Kama leo ingewekwa kanuni kwamba kila king'amuzi cha satelaiti kibebe redio zote za mikoani, kituo chenye leseni ya wilaya moja kingejikuta kinasikika taifa zima, yaani nje ya eneo la leseni yake. Nchi nyingine hulitatua hili kwa kufungia chaneli kulingana na mahali mteja alipoandikishwa, ili redio ya mkoa ifunguke kwenye ving'amuzi vya mkoa huo tu. Kebo haina tatizo hilo, kwa kuwa waya wa Singida mjini haufiki nje ya Singida mjini. Kwa sababu hiyo sharti la kubeba redio za mahali linaingia vizuri zaidi katika leseni ya kebo ya mji kuliko katika leseni ya satelaiti. Mji unaopata kebo ungeweza kutakiwa kuingiza redio zote zenye leseni katika wilaya yake kwa gharama ndogo sana: antena moja ya FM juu ya paa la ofisi.

Swali ambalo msomaji wa nje huuliza ni kama redio ya mahali inatofautiana kiasi hicho na ya taifa, ikiwa zote zinatumia lugha moja. Ni kweli kwamba Tanzania ilichagua njia yake kuhusu lugha. Kanuni za maudhui hutaka vituo vitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine huhitaji kibali. Nchini Kenya vituo vya lugha za jamii, kuanzia Kameme FM ya Kikikuyu mwaka 2000, viliongezeka haraka, na lugha pekee inatosha kumtambulisha msikilizaji. Redio ya Singida haizungumzi Kinyaturu hewani siku nzima. Umahali wake uko katika mambo inayoyataja: bei ya gunia la alizeti, chanjo ya mifugo, maji ya kisima kilichoharibika, majina ya vijiji, kikao cha halmashauri, tangazo la kifo linalowafikia ndugu walioko vijiji vya mbali kabla ya maziko. Tangazo kama hilo likichelewa kwa siku moja halina kazi tena.

Serikali imeshughulikia upande wa vijijini kwa njia nyingine, si kwa kuwalazimisha wenye mitandao. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili huduma za mawasiliano zifike mahali ambapo biashara pekee haifiki, na umechangia pia kupanua usikivu wa redio ya taifa. Ruzuku ya mnara hujenga njia mpya ya kupita, ilhali sharti la kubeba hufungua njia ambayo tayari ipo mikononi mwa mtu mwingine.

Njia ya karibuni zaidi ni intaneti. Redio nyingi za mikoani sasa hurusha matangazo yao mtandaoni pia, na Mnyaturu anayefanya kazi Dar es Salaam anaweza kusikiliza habari za kwao. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka redio za mtandaoni chini ya leseni ya TCRA, kwa hiyo kituo kidogo kiliweza kudaiwa leseni zaidi ya moja kwa kipindi kilekile. Msikilizaji naye hulipa bando, kitu ambacho hewa ya FM haijawahi kumdai.

Kwa sasa redio ya mahali inafika Sepuka kwa sababu simu ndogo ya kitochi aghalabu ina FM ndani yake, na waya wa spika za masikioni hufanya kazi ya antena. Simu janja nyingi za kisasa huuzwa bila sehemu hiyo au ikiwa imezimwa na mtengenezaji, na hakuna kanuni inayomtaka aiwashe.